Mkopo wa wiki, wa msimu, wa ghala au wa kikundi: upi unaacha chakula ndani ya nyumba ya mkulima?

Kaya inayoishi kwa kilimo hula kila siku lakini huvuna mara moja au mbili kwa mwaka. Mkopo wowote unaoingia katika kaya hiyo unaingia kwenye pengo hilo, na ama unalipunguza ama unalipanua. Ndiyo maana nikiulizwa kama mikopo midogo inasaidia chakula vijijini, siwezi kujibu kabla sijauliza mambo mawili: fedha zinaingia mwezi gani, na zinadaiwa mwezi gani. Kiasi na riba vina uzito wake, lakini tarehe ndizo zinazoamua nani atakula nini katika miezi ile ambayo ghala limebaki vumbi na shamba bado ni majani mabichi.

Na kwa chakula simaanishi magunia peke yake. Kwa kufuata maana iliyotokana na Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996, uhakika wa chakula huelezwa kwa nguzo nne: chakula kiwepo, kaya iwe na uwezo wa kukipata, mwili ufaidike nacho, na hali hiyo isiyumbe kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Mkopo hugusa zaidi nguzo ya pili na ya nne. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ina dodoso la maswali 8 tu la kupima jambo hili, maswali ambayo mama yeyote anaweza kuyajibu: je, mliwahi kuruka mlo kwa kukosa fedha? Je, kuna siku mlishinda kutwa bila kula? Hakuna swali linalouliza kama rejesho lililipwa. Nalisema mapema kwa sababu taasisi nyingi hujipima kwa kiwango cha marejesho, na kaya inaweza kurejesha mkopo wote, hadi senti ya mwisho, kwa kupunguza milo.

Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tathmini sita za mikopo midogo, kutoka Bosnia na Herzegovina, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Kila moja ililinganisha watu waliofikiwa na mkopo na wengine wa hali kama yao ambao hawakufikiwa, na waliofikiwa walipatikana kwa bahati nasibu. Matokeo ya jumla yaliwanyong'onyeza wengi waliokuwa wametabiri makubwa: watu walikopa zaidi, baadhi wakapanua shughuli zao, lakini kwa wastani kipato na matumizi ya kaya havikupanda kiasi cha kubadili maisha. Moroko, ambako utafiti ulifanyika vijijini, inafundisha kuliko zote. Waliokopa walipanua kilimo na mifugo yao na faida ya shughuli hizo ikaongezeka, ila wakati huohuo walipunguza kwenda vibarua kwa wengine, na kilichopatikana upande mmoja kikapungua upande wa pili. Mezani mambo yakabaki karibu yaleyale.

Wastani huo, hata hivyo, unachanganya mikopo isiyofanana. Tuitenganishe.

Rejesho la kila wiki

Mtindo huu ulisambaa kutoka Bangladesh, ambako mwanauchumi Muhammad Yunus alianza majaribio yake mwaka 1976 na Grameen ikawa benki kamili mwaka 1983. Wanakikundi wanadhaminiana, mkopo ni mdogo, na rejesho la kwanza hudaiwa mapema, mara nyingi wiki moja au mbili tu baada ya fedha kupokewa. Kwa mtu anayeuza kitu kila siku, utaratibu huu ni mzuri. Deni halirundikani, na kiasi kidogo kidogo hakimshtui mlipaji.

Kwa mkulima wa mazao ya msimu, mkopo huohuo unaanza kudaiwa kabla mbegu haijaota. Fedha za rejesho zitoke wapi? Njia ninazozijua ni nne, na zote zinapita jikoni: kwenda kibarua katika shamba la mtu mwingine wakati la kwako linahitaji palizi, kuuza kuku au mbuzi aliyekuwa akiba ya siku mbaya, kukata fungu la chakula, au kukopa kwingine. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yanaanza wiki ya pili.

Kuna jaribio moja la Kolkata, India, lililochapishwa mwaka 2013, linaloonyesha uzito wa tarehe hata kwa wafanyabiashara wa mjini. Wakopaji wengine walianza kurejesha baada ya wiki mbili, wengine walipewa muda wa miezi miwili kwanza. Waliopewa muda waliwekeza zaidi na baadaye faida zao zikawa kubwa zaidi. Lakini walioshindwa kulipa nao waliongezeka, kwa hiyo mkopeshaji anayeng'ang'ania marejesho ya mapema hafanyi hivyo kwa roho mbaya tu. Analinda fedha zake. Ni juu ya kaya kujua kwamba ulinzi huo unagharamiwa na yeyote ambaye bado hana cha kuuza.

Udhaifu wa pili wa mtindo huu huzungumzwa kidogo mno. Kudhaminiana kunafanya kazi pale shida inapomkuta mmoja mmoja: huyu ameuguliwa, yule ameibiwa, wenzao wanawabeba. Ukame hauji hivyo. Unawakuta wote katika msimu mmoja, na kikundi cha wakulima peke yao hakina wa kumbeba mwenzake. Huko Andhra Pradesh, India, mambo yalifika pabaya zaidi kwa sababu kaya nyingi zilikuwa zikikopa taasisi moja kulipa nyingine. Serikali ya jimbo iliingilia kati Oktoba 2010 na marejesho yakasimama karibu jimbo zima.

Bado sitamwambia kila mkulima aukimbie mkopo wa wiki. Kaya yenye ng'ombe wa maziwa, mayai, bustani ya mboga au genge inaweza kuutumia vizuri, mradi kipimo cha kiasi cha kukopa kiwe kile kinachoingia katika wiki mbaya kuliko zote za mwaka, si katika wiki ya wastani.

Mkopo wa msimu, unaolipwa baada ya mavuno

Chukua fedha zilezile, uziingize kabla ya kupanda na uzidai kwa mkupuo baada ya kuvuna. Sasa mkulima anaweza kununua mbegu na mbolea kwa wakati na kukaa shambani mwake wakati wa palizi. Kwa upande wa uzalishaji mkopo huu unaushinda ule wa wiki kwa mbali.

Mali inatupa ushahidi wenye somo la ziada. Watafiti walifuatilia mikopo ya kilimo iliyotolewa kwa vikundi vya wanawake na kulipwa baada ya mavuno, kisha wakatoa ruzuku ya fedha taslimu, isiyorudishwa, kwa baadhi ya wakulima. Katika vijiji ambavyo havikuwa na mkopo, waliopewa ruzuku walizalisha zaidi. Katika vijiji ambako mkopo ulikuwepo, ruzuku walipewa wale ambao hawakukopa, na kwao haikuongeza faida ya shamba. Wenye mashamba yanayoweza kuzalisha kwa fedha za ziada walikuwa wameshakopa. Waliobaki walijua kitu kuhusu ardhi yao, nguvukazi yao au nafasi yao. Hili nalichukulia kwa uzito mkubwa: mkulima anayekataa mkopo mara nyingi amepiga hesabu sahihi, na afisa mikopo anayemshawishi abadili mawazo anamtendea vibaya.

Sasa upande mchungu wa mkopo wa msimu. Deni lote linaiva siku zilezile ambazo mazao ya kila mtu yameiva, yaani siku ambazo bei iko chini kabisa. Kaya inauza magunia mengi ili kulipa deni dogo, na magunia hayo ndiyo yangeilisha familia miezi sita baadaye. Mkopo umeongeza mavuno shambani na kulipunguza ghala. Nimeona watu wakishangilia ongezeko la mavuno bila kuuliza ni gunia ngapi zilibaki nyumbani mwezi mmoja baadaye, na swali hilo ndilo la chakula. Kama unajadiliana na mkopeshaji wa msimu, pambania jambo moja kabla ya riba: tarehe ya mwisho isogezwe miezi miwili au mitatu baada ya mavuno.

Msimu ukiharibika, deni hubaki. Bima ya mvua ingefaa kulibeba, lakini wakulima hawaikimbilii kama wapangaji mipango wanavyodhani. Huko Malawi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, asilimia 33 ya wakulima waliopewa nafasi ya kukopa bila bima walikubali. Kwa waliopewa nafasi ya mkopo uleule ukiwa umefungwa na bima, kiwango hicho kilikuwa pungufu kwa pointi 13 za asilimia. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba mkulima asiye na mali ya kukamatwa tayari ana bima ya aina yake, kwa maana ya kutolipa mwaka wa ukame. Kumtoza bima juu yake ni kumuuzia kinga ya mkopeshaji.

Kuna tawi moja la mkopo wa msimu ambalo ningependa lienee kuliko yote, nalo ni mkopo wa miezi ya njaa. Huu hauingii wakati wa kupanda bali katikati ya msimu, chakula cha mwaka jana kinapokwisha. Zambia, katika wilaya ya Chipata, kaya ziliwezeshwa kukopa fedha au mahindi wakati huo na kulipa baada ya mavuno, kwa fedha au kwa mahindi. Bila mkopo, kaya isiyo na chakula hutuma watu wake kulima kwa wengine ili ile leo, na shamba lake linazidiwa na magugu, kwa hiyo mwakani inapungukiwa tena. Zilipopata mkopo, kaya hizo zilipunguza vibarua, zikarudi kwenye mashamba yao, zikala vizuri zaidi, na mavuno yakaongezeka kwa kama asilimia 9. Ujira wa vibarua pale kijijini nao ulipanda, kwa sababu waliolazimika kujiuza kwa bei ya njaa walipungua, kwa hiyo hata asiyekopa alinufaika. Utafiti ulichapishwa mwaka 2020, na kwangu mimi ndio jibu bora kwa wale wanaosema mkopo wa kula ni mkopo uliopotea. Mtu anayelima kwa jembe hulima kwa chakula alichokula.

Mkopo wa ghala

Huu ni mkopo wa kutouza. Mkulima anavuna, anaweka nafaka ghalani kama dhamana, anachukua fedha za kumaliza shida za wakati wa mavuno, kisha anauza au kukomboa mzigo wake bei ikishapanda. Niger, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na kwa msaada wa FAO, vyama vya wakulima vimetumia utaratibu wa ghala lenye kufuli mbili, moja ya chama na nyingine ya mkopeshaji. Kwingine utaratibu unaofanana na huo unajulikana kama stakabadhi ghalani.

Ukiulinganisha na mkopo wa msimu utaona kwamba hivi viwili vinatibu magonjwa tofauti. Mkopo wa msimu unamsaidia anayevuna kidogo. Wa ghala unamsaidia anayevuna cha kutosha lakini anakiuza mapema na kukinunua tena kwa bei ghali. Huyu wa pili ni mtu wa kawaida sana. Magharibi mwa Kenya watafiti walikuta bei ya mahindi kwa kawaida ikipanda kwa asilimia 25 hadi 40 kati ya mavuno na miezi ya uhaba, na bado wakulima walikuwa wakiuza wakati wa mavuno na kununua baadaye, kwa sababu ada za shule na madeni hayasubiri. Waliopewa mkopo wa kipindi cha mavuno waliuza kidogo mapema na zaidi baadaye, na fedha hizo ziliwazalia faida ya kama asilimia 29. Tena waliopata mkopo Oktoba, mara tu baada ya kuvuna, walinufaika kuliko waliopata Januari. Miezi mitatu tu ya tofauti.

Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2019, una jambo jingine la kutia moyo. Mahali ambapo wakulima wengi walipata mkopo kwa pamoja, bei ya soko ilitulia: haikuanguka sana wakati wa mavuno wala kupaa sana baadaye. Faida ya mkopaji mmoja mmoja ilipungua, lakini mnunuzi maskini wa chakula, ambaye hana gunia la kuweka popote, alipata nafuu bila kukopa.

Mipaka yake iko wazi. Asiye na ziada hana cha kuweka. Nafaka isiyokauka vizuri huota kuvu yenye sumu, na dumuzi hawajali mkataba. Pia bei inaweza isipande, hasa serikali ikifungua uagizaji au ikifunga mipaka ghafla. Ghala bovu ni sababu tosha ya kuukataa mkopo huu hata kama riba ni ndogo.

Kikundi cha kuweka na kukopa

Kikundi cha watu kama 15 hadi 25, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa kila mkutano, mikopo midogo kutoka kwenye hisa hizo, na mgao mwisho wa mzunguko. Mtindo huu katika sura yake ya sasa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na umeenea katika nchi nyingi. Riba ya ndani huwa kubwa ukiitazama kwa mwezi, lakini inarudi kwa wanachama wenyewe siku ya mgao, na hapo ndipo tofauti na mkopo wa nje inapokaa.

Mali tena: utafiti wa vikundi vya akiba vya wanawake, katika vijiji vingi vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, ulikuta kaya zimeongeza mifugo na hali ya chakula imekuwa bora na tulivu zaidi. Hazikutajirika. Zilipata njia ya kuvuka miezi mibaya bila kuuza kila kitu. Kwa nguzo ile ya nne, ya kutoyumba, sioni mkopo unaoshindana na kikundi kizuri, hasa kikiwa na mfuko wa jamii wa kumsaidia aliyefiwa au kuuguliwa bila riba.

Udhaifu wake ni wembamba wa mfuko. Mwezi wa mbolea ukifika, wote wanataka kukopa na sanduku halitoshi. Na tarehe ya mgao mara nyingi hupangwa bila kufikiri, au kwa kufuata sikukuu. Kikundi cha wakulima kinachogawana fedha wiki chache kabla ya kupanda, au mwanzoni mwa miezi ya njaa, kinafanya kazi ya chakula. Kinachogawana wakati wa mavuno, kila mtu akiwa ameshiba, kinapoteza nusu ya nguvu yake. Kubadili tarehe hii hakugharimu chochote, na kikundi kinaweza kuamua katika mkutano mmoja.

Nani anazishika fedha

Mkopo wa jina la mwanamke si lazima uwe mkopo wa mwanamke. Utafiti wa Bangladesh wa mwaka 1996 ulikuta kwamba ni katika kama asilimia 37 tu ya mikopo ambapo mwanamke mkopaji alikuwa na usemi kamili au mkubwa juu ya matumizi yake. Deni lilibaki kwake. Kabla ya kulinganisha taasisi na taasisi, kaya ikae ikubaliane fedha zinanunua nini na nani anasimamia mauzo, kwa sababu zao la biashara linaloongeza kipato cha mtu mmoja linaweza kula ardhi iliyokuwa inalisha wote.

Kwa hiyo kaya ipi ichukue upi

Anza na mwezi ambao chakula huisha, kisha uulize kwa nini kinaisha. Kikiisha kwa sababu mliuza mapema na kwa bei ya kutupa, tafuta mkopo wa ghala, au uwekeze kwanza kwenye vyombo vya kuhifadhia nyumbani na kukopa kidogo kikundini ili msiuze. Kikiisha kwa sababu mavuno ni madogo na ardhi ipo, na mnajua kwa uzoefu wenu kwamba pembejeo zingeongeza mazao, mkopo wa msimu unafaa, wenye tarehe ya mwisho iliyosogezwa mbele. Kama tatizo ni kwamba mnatoka kwenda vibarua wakati wa palizi, mkopo wa miezi ya njaa ndio wenu, na mahali ambapo mkopo huo haupo, kikundi kinaweza kuubuni chenyewe kwa kutenga sehemu ya mfuko. Wa wiki ubaki kwa mwenye mapato ya wiki.

Iko pia kaya ambayo ardhi yake ni ndogo kiasi kwamba hata mwaka mzuri hailishi. Kuhusu kaya hiyo nasema bila kusita: usiikopeshe. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya mpango uliojaribiwa Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, ambapo kaya maskini kabisa zilipewa mali ya kuzalisha kama mifugo, posho ya chakula au fedha kwa muda, mafunzo na mtu wa kuzitembelea. Mwaka mmoja baada ya mpango kwisha, hali ya chakula ilikuwa bado bora kuliko ya kaya zilizoachwa bila mpango. Wenye mamlaka ya kupanga bajeti wasiipeleke kaya kama hiyo kwa afisa mikopo kwa kuwa tu mkopo ni rahisi kuutoa kuliko ruzuku.

Ukishachagua, soma mkataba kabla ya kidole kugusa wino. Uliza riba inakokotolewa juu ya mkopo wote hadi mwisho au juu ya salio linalopungua. Kwa mkopo unaolipwa kwa mafungu, ile ya kwanza inakugharimu karibu mara mbili ya ile ya pili hata kama asilimia iliyoandikwa ni moja. Uliza ada ya fomu na akiba ya lazima, maana zote mbili hupunguza fedha unazoondoka nazo mkononi. Uliza mvua ikikataa, deni linahamishiwa msimu ujao au dhamana inachukuliwa, na jibu liandikwe kwenye karatasi. Mkopeshaji akikataa kuliandika, rudi kikundini, ukope kile ambacho sanduku linaweza kubeba, na ulime eneo linalolingana nacho.